Vidonge au mizizi: ninavyoamua cha kumeza

Nyumbani kwangu pande zote mbili zina wafuasi sugu. Mke wangu hajakutana na ugonjwa asioujulia mmea wake. Kaka yangu haamini dawa isiyo na karatasi ya maelezo ndani ya boksi. Mimi ndiye mwenye presha, mgongo unaosumbua na watoto wanaoleta mafua kutoka shuleni, kwa hiyo ushauri wote huishia kwangu, na mara nyingi unapingana. Ilibidi nitafute namna ya kuamua bila kujali nani kaongea zaidi.

Kwanza niliachana na swali la dawa imetoka wapi, maana halinisaidii. Kwinini ilitengwa kutoka gome la mti wa sinkona mwaka 1820. Aspirini ina undugu na gome la mti uitwao willow. Metformini, kidonge wanachomeza wagonjwa wengi wa kisukari, asili yake ni utafiti juu ya mmea wa Galega. Na dawa mseto za malaria zinategemea artemisinini, ambayo Tu Youyou na wenzake nchini China waliipata mwaka 1972 katika mmea wa Artemisia annua baada ya kupekua maandiko ya kale ya tiba. Mwaka 2015 mama huyo akapewa Tuzo ya Nobel. Hapo kaka yangu hukosa la kusema. Mke wangu naye asishangilie mapema: Shirika la Afya Duniani (WHO) haliungi mkono kutibu malaria kwa chai au majani ya mmea huohuo, kwa sababu kiasi cha dawa kilichomo hubadilika sana, aghalabu hakitoshi kuwamaliza vimelea, na wanaobaki wanaweza kujenga usugu.

Swali nililobaki nalo ni jingine: nikitumia dawa hii, nini kitaniambia kwamba imefanya kazi? Nilipoanza kulijibu kwa kila ugonjwa peke yake, ubishi mwingi ulipungua wenyewe.

Chukua mafua. Hapo mwili wangu ni shahidi asiyeaminika kabisa, kwa sababu mafua ya kawaida huisha yenyewe ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Chochote utakachokunywa siku ya nne kitapata sifa ya siku ya saba. Kwa hiyo sitafuti dawa ya kuyaponya. Natafuta kitu cha kunipunguzia adha kisichonidhuru. Tangawizi ya mke wangu inafaulu mtihani huo. Asali inafaulu zaidi, maana hata mwongozo wa tiba wa Uingereza unaitaja kwa kikohozi cha muda mfupi. Isipokuwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja: huyo hapewi asali hata ya kulamba, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu (ugonjwa wa sumu unaopoozesha misuli) ambavyo utumbo wake hauwezi bado kuvidhibiti. Kujifukiza kwa sufuria ya maji yanayochemka tumeacha. Nafuu yake ni ndogo, na sufuria ya namna hiyo karibu na watoto inaunguza.

Upande wa vidonge nao una mitego yake kwenye mafua. Antibiotiki haziui virusi, na mafua ni virusi, basi hapo hakuna mjadala. Parasetamoli naitumia nikiwa na homa, lakini nasoma kwanza kilichomo kwenye unga au sharubati ya mafua, kwani nyingi zina parasetamoli ndani yake. Mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na aliye mwepesi wa mwili au mwenye ini dhaifu anapaswa kushauriwa kiwango cha chini zaidi. Ukichanganya vidonge na unga wa mafua unaweza kuvuka mpaka huo bila habari, na ini ndilo linaloumia. Kikohozi kikipita wiki tatu, au kikija na damu, au pumzi ikiwa ya shida, tangawizi inawekwa kando na tunakwenda hospitali.

Mgongo ni habari nyingine. Hapa hisia zangu ndizo kipimo chenyewe. Hakuna mashine inayojua naumwa kiasi gani. Tatizo ni kwamba maumivu ya mgongo hupanda na kushuka, na mtu huenda kutafuta tiba siku yakiwa yamefika kileleni. Baada ya kilele, lazima yashuke. Ukikandwa siku hiyo, mkandaji anapata sifa. Ukimeza kidonge, kidonge kinapata sifa. Nikaamua kuandika alama kila jioni, sifuri hadi kumi, na kutumia tiba moja tu kwa wakati mmoja. Kazi hii inachosha na mke wangu aliicheka sana, ila ndiyo iliyonionyesha kitu.

Jambo ambalo kaka yangu hakulitarajia ni kwamba madaktari wenyewe walishaondoka kwenye msimamo wake. Mwongozo wa chama cha madaktari wa Marekani, American College of Physicians, wa mwaka 2017 unashauri maumivu mapya ya mgongo yaanze kutibiwa kwa joto, kukandwa, akupancha au kunyooshwa uti wa mgongo kabla ya vidonge. Uingereza nako parasetamoli peke yake haishauriwi tena kwa mgongo. Nilijaribu kadhaa. Kukandwa kulinipa nafuu nzuri ambayo haikulala nami hadi asubuhi. Akupancha, ile tiba ya kuchomwa vijisindano, ilinituliza pia, ingawa najua kwamba katika majaribio mengi waliochomwa vijisindano vya kuigiza walipata nafuu inayokaribiana na ya waliochomwa vile halisi. Sikuona aibu kwa hilo. Nafuu ni nafuu, mradi sindano ni mpya na silipi fedha ninayoihitaji kwa jambo jingine. Kilichoshusha alama zangu na kuzishikilia chini ni kutembea na mazoezi niliyofundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, mazoezi ambayo hayana mvuto wowote na ambayo hakuna anayeyapigia debe katika familia yetu. Ibuprofeni nayo ilinisaidia, lakini inaweza kupandisha shinikizo la damu na kuchubua tumbo, na mimi presha tayari ninayo, kwa hiyo daktari aliniambia niiache. Na kama miguu itaanza kulegea, au ganzi iingie sehemu za siri, au nishindwe kuzuia mkojo, hiyo si ya kukandwa wala ya kuandika alama. Ni dharura ya siku hiyohiyo.

Ugonjwa wa tatu ndio ulionifanya nishike msimamo mkali kuliko mwingine wowote. Presha haiumi. Nikiwa na 165 kwa 100 najisikia kama nikiwa na 125 kwa 80. Kwa hiyo mtu anaponiambia, "Tumia hii, utajisikia mzima," ninamjibu kwamba mzima najisikia tayari, na ndilo tatizo lenyewe. Hapa hakimu ni mashine ya kupimia na si mwingine. Napima nikiwa nimekaa na kupumzika dakika tano, mgongo umeegemea, miguu haijakunjwa, mkono uko usawa wa moyo, na nimeshakwenda haja. Naandika, na napeleka daftari kliniki.

Kwa utaratibu huo niliweza hata kumridhisha mke wangu. Alitaka nijaribu chai ya rozela, na kweli yapo majaribio yanayoonyesha inashusha presha kidogo. Nilimwuliza daktari. Hakucheka. Alisema, "Vidonge usiache, chai ongeza, halafu daftari lako litatuambia." Kwangu daftari halikuonyesha tofauti ya maana. Kupunguza chumvi kulionyesha. WHO inataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, na chumvi iliyojificha kwenye vyakula vya viwandani inahesabiwa humohumo. Rozela bado nakunywa, bila sukari, kwa sababu naipenda. Lakini mganga mmoja aliyenitaka niache vidonge kwa muda ili dawa yake "ipate nafasi" sikurudi kwake tena. Mtu anayejiamini na dawa yake angeweza kuiweka pembeni ya kipimo na kusubiri.

Aliyenifundisha kuangalia makundi yote kwa pamoja ni mfamasia. Nilikuwa nanunua pakiti ya chai ya kifua, akageuza pakiti na kuuliza, "Baba, una presha?" Ndani yake mlikuwa na mzizi wa susi, ule mtamu. Susi ikitumiwa kwa wingi hupandisha presha na kushusha madini ya potasiamu mwilini. Yaani chai ya kutibu kikohozi ingeweza kuharibu kazi ya kidonge changu cha asubuhi, na kila mtu angekilaumu kidonge.

Tangu hapo daftari langu lina ukurasa wa kila kinachoingia mdomoni kwa nia ya tiba: vidonge, chai, vitamini, unga, matone. Ukurasa huo naonyesha kila ninayemwendea, awe na koti jeupe au hana. Mmea uitwao St. John's wort, unaotumiwa na watu wenye huzuni, hulifanya ini lisage dawa nyingine haraka, na hivyo hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango, baadhi ya dawa za VVU na dawa za waliopandikizwa figo. Balungi hufanya kinyume: huzuia baadhi ya dawa za lehemu zisivunjwe, zikajaa kwenye damu. Vidonge vya kitunguu saumu na vya mmea wa ginkgo vinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ndiyo maana kabla ya upasuaji unapaswa kutaja hata vile ambavyo huviiti dawa. Daktari asipouliza, mwambie mwenyewe.

Mazoea ya ukurasa huo ndiyo yaliyonishtua kuhusu shangazi. Alikuwa akitumia unga wa kutibu maumivu ya viungo usio na jina wala orodha ya vilivyomo, na ulimfaa mno: magoti yaliyomtesa miaka yalinyamaza haraka, hamu ya kula ikarudi, akanenepa. Familia ilifurahi. Mimi niliona uso wake umekuwa wa mviringo na ngozi ya mikono inachubuka ovyo, nikakumbuka kwamba mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimewahi kukuta steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe zenye madhara ya namna hiyo, zimechanganywa kwa siri kwenye bidhaa zinazouzwa kama mitishamba mitupu. Kaka yangu alitaka unga utupwe siku hiyohiyo. Nilimzuia. Mwili uliozoea steroidi huacha kutengeneza homoni yake mwenyewe, na kukatisha ghafla kunaweza kumwangusha mtu. Nikamwambia, "Shangazi, usiuache kwanza. Twende nao kwa daktari." Alikubali kwa shingo upande, kwa sababu alidhani nakwenda kumgombanisha na aliyempa. Daktari aliuangalia unga, akampima damu, akamwanzishia dawa inayojulikana kwa kiwango kinachojulikana, kisha akawa anaipunguza polepole. Magoti yalirudi kuuma, na hilo sikuwa na jibu zuri la kumpa zaidi ya mazoezi, krimu ya kupaka na fimbo ya kutembelea ambayo anaikataa.

Kwenye usingizi ndipo nilipowaudhi wote wawili. Niliposhindwa kulala kwa muda mrefu, mke wangu aliniletea chai ya kamomili, na kaka yangu akanishauri niombe vidonge. Ushahidi wa kamomili ni mwembamba. Vidonge vingi vya usingizi vinashika, na kuviacha baadaye ni kazi. Madaktari walewale wa Marekani, katika mwongozo wa mwaka 2016, wanaanza na kitu ambacho hakimezwi: mafunzo ya kubadili mazoea ya kulala. Kuamka saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, kutoka kitandani usingizi ukikataa, kutokukitumia kitanda kusomea wala kuangalia simu, na kwa muda fulani kupunguza saa za kukaa kitandani ili usingizi ujikusanye. Mwanzoni nilikuwa nasinzia mchana na kuwa mkali kwa kila mtu. Presha nilikuwa naipima kwa wasiwasi. Baadaye safu ya daftari inayoonyesha muda ninaochukua kupitiwa na usingizi ilianza kupungua, ikabaki hapo.

Kamomili bado naletewa, na ninainywa. Nimeomba tu iletwe mapema jioni, maana kikombe kikubwa karibu na kulala kinaniamsha usiku kwenda msalani.