Nyumba za Mji wa Kale: mradi wangu ulipofikia

Tangu nistaafu ualimu, kazi iliyonishughulisha zaidi ni kuandika historia ya nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa, hasa za Kibokoni na Ndia Kuu, kwa kuwahoji wazee waliolelewa humo na kuzipiga picha kabla hazijabomolewa. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, ina makumbusho na wataalamu wake, hivyo hainihitaji mimi. Mji wa Kale nao ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, lakini tangazo halimpi mrithi fedha za kununua boriti.

Katika awamu hii nimezishughulikia dari na kuta. Vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba, kwa kuwa boriti za mikoko hazimudu uzito wa dari ya mawe na chokaa upana ukizidi sana mita 3. Katika nyumba moja ya Kibokoni boriti zimechongwa pembe nne, na ukimulika kwa tochi utaona masalio ya rangi nyekundu ndani ya nyufa. Ukuta wa chini wa nyumba hiyo umepigwa plasta ya saruji, kosa ninalolikuta mara nyingi mno: jiwe la matumbawe hufyonza unyevu, chokaa huuachia utoke, ilhali saruji huuziba ndani, na chumvi hulimomonyoa jiwe huku nje kukionekana kuzuri.

Mahojiano yanakwenda polepole zaidi. Bibi mmoja, nilipomwuliza wageni walipokewa wapi, alinijibu, "Mwalimu, barazani ni pa wanaume, siswi tukipita uani." Jibu hilo lilinifanya niichore upya ramani yangu ya nyumba, nikionyesha njia za wanawake kutoka ua hadi ua, ambazo picha za milango ya nakshi, wanazozipenda mno watalii, haziwezi kuzionyesha.

Maneno ya wazee nayaandika kwa Kimvita chao, bila kuyasanifisha. Tungo za Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu mwaka 1840, zimetufikia kwa kiasi kikubwa kwa sababu Mwalimu Sikujua alizikusanya, akishirikiana na mmishonari William Taylor, miongo kadhaa baada ya kifo cha mshairi huyo. Laiti angezigeuza ziwe lugha ya darasani, vina vingi vingeharibika.

Kila familia hupewa nakala ya sauti na ya maandishi, nayo ndiyo huamua lipi lisomwe na wengine, kwani masuala ya mirathi hayakosekani. Kazi inayofuata ni visima vya uani na mifereji ya maji ya mvua, na tayari fundi mmoja mkongwe wa chokaa amekubali kunionyesha alivyokuwa akivitengeneza.