Miaka 9 nafundisha Kilwa, hatimaye nimeikanyaga

Naanza na aibu yangu kabisa. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Dar, na Kilwa, ule mji wa kale wa biashara pwani ya kusini, naifundisha kidato cha kwanza mwaka wa tisa sasa, dhahabu ya Sofala kule Msumbiji, masultani, Ibn Battuta yule msafiri wa Morocco kaja 1331, Mreno kaiteka 1505, yote naandika ubaoni bila hata kufungua kitabu, ila Kilwa yenyewe sikuwahi kufika. Nilikuwa napita Nangurukuru tu, njia panda ya kwenda Kilwa, naenda Lindi kwa wakwe.

Safari hii imetokana na vijana wa chuo. Wanaosoma akiolojia wa chuo kimoja hapa mjini walikuwa wanakuja shuleni kwetu Jumamosi, na siku ya kwanza nikajua tunaletewa zile pawapointi, kumbe wakawapeleka madogo nyuma ya jiko kwenye shimo la taka la zamani. Wakafunga mraba kwa kamba, wakaanza kukwangua na mwiko wa fundi tabaka kwa tabaka, juu vifuko vya ubuyu na barakoa za kipindi cha korona, chini yake kalamu na vifuniko vya soda, chini kabisa sahani ya bati imeoza ambayo mpishi wetu aliitambua akacheka mpaka akakaa chini. Kilicho chini ndo cha zamani. Mimi hilo nilikuwa nalisema kwa sentensi moja alafu naendelea na mada.

Basi tukachangishana, chuo kikaongezea mafuta, tukatoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri kwenye kosta moja tumebanana. Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, Daraja la Mkapa nikawaamsha waione Rufiji, wakaiona wakalala tena. Kuvuka Somanga nikawaonyesha pale mafuriko ya Mei 2024 yalipokata barabara, alafu tukapata pancha na spea nayo haina upepo, masaa mawili chini ya mkorosho. Sitaki kuliongelea sana hilo.

Asubuhi yake tukapanda boti ya fiba pale Kilwa Masoko kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani kwenye magofu. Kisiwani ni pua na mdomo, unakuona kabisa, ila kuna mtoto mmoja aliyeshika mkono wangu njia nzima na mimi mwenyewe nilikuwa natafuta wa kumshika.

Kule tukapokewa na wanafunzi wa shule ya kisiwani na hapo ndo niliwavulia kofia wale wa chuo, maana hawakuwapanga watoto wa mjini peke yao. Kila kikundi kilikuwa na mgeni mmoja, mwenyeji mmoja na mwanachuo mmoja. Dakika kumi tu wenyeji wakawa wanaongoza. Kwenye Msikiti Mkuu mwanachuo anaeleza kwamba sehemu ya zamani ni ya karne ya 11 na ile pana yenye makuba iliongezwa karne ya 14, mtoto wa kisiwani yeye anaonyesha mahali mawe ya matumbawe yanapoonekana vizuri kwenye ukuta, popo wanalala wapi, na wapi usikanyage.

Mzee mmoja tulimkuta kivulini, shikamoo babu, marahaba, akaanza kutueleza chokaa inavyochomwa, unapanga magogo, matumbawe juu, unawasha, yakiiva unayamwagia maji yanachemka yenyewe. Alafu kwa sauti ileile akasema marehemu baba yake alibeba karai za udongo wakati Neville Chittick, yule mwanaakiolojia, anachimba hapa miaka ya 1960. Mwanafunzi wangu akauliza, babu, aliwahi kuambiwa walipata nini? Mzee akasema, "Hela ya siku alipata."

Husuni Kubwa tulienda kwa mguu ufukweni maji yakiwa yamepwa. Hiyo jumba jamani, vyumba zaidi ya 100, juu ya genge, na birika la pembe nane linaloangalia bahari. Ni ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, huyohuyo Ibn Battuta alimkuta, na kuna kisa cha sultani huyo, fakiri alimwomba njiani nguo alizovaa naye akampa zote. Madogo wakakipenda hicho kuliko birika.

Ila kilichonikaa moyoni ni kigae. Mtoto wa kisiwani, darasa la sita hivi, aliokota kigae cha mviringo kina tundu katikati, akasema hivi viko kibao, sisi tunafanya matairi ya gari. Mwanachuo akachuchumaa, akatafuta kijiti akakipachika tunduni akakizungusha: watu walikuwa wanachonga vigae vya vyungu vilivyovunjika wanavitoboa, wanasokotea uzi wa pamba. Kilwa ilikuwa inatengeneza nguo yake. Yaani mimi miaka 9 nawaambia watoto nguo ililetwa na meli kutoka India basi, nukta. Nikakaa kimya nikajifanya napiga picha.

Kigae kikarudishwa palepale kilipotoka. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964 na wanachuo waliisema mara tatu, mpaka yule dogo akawauliza, sasa mbona vile vya zamani vilibebwa? Wakajibu vilienda kufanyiwa utafiti na vingine viko makumbusho Dar. Akaitikia, lakini unaona kabisa haijamwingia, na mimi pia haikuniingia vizuri.

Saa tisa maji yanageuka, nahodha anapiga mluzi. Tunaagana, msichana mmoja mwenyeji kamng'ang'ania mwanachuo wa kikundi chake, mtakuja lini tena. Mwanachuo akasema mwakani, Mungu akipenda.

"Wa mwaka jana nao walisema hivohivo."

Tukaingia kwenye fiba. Yule mwanachuo mpaka tunafika Masoko hakuongea na mtu, alikuwa anaandika namba ya simu ya mwalimu wao kwenye daftari, anaikata, anaiandika tena vizuri.