Maduka Matupu ya Barabara ya Lamu, Malindi

Kandokando ya Barabara ya Lamu hapa Malindi, katika ile sehemu iliyojengwa hasa kwa ajili ya wageni, yako maduka ambayo shata zake hazijainuliwa kwa muda mrefu. Maandishi ya Kiitaliano yaliyotangaza aiskrimu, mikoba ya ngozi na safari za mbugani yamefifia juu ya milango, na vioo vingine vimepakwa chokaa kwa ndani ili mpita njia asione utupu uliomo. Kauli inayosikika barazani ni kwamba watalii wakirudi, maduka yatafunguka yenyewe. Mimi siafiki.

Ni kweli kwamba mji huu uliumia. Mwezi Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake dhidi ya safari zisizo za lazima katika eneo la Mombasa, mwezi uliofuata likatokea shambulio la Mpeketoni katika kaunti ya Lamu, na hofu ikaenea pwani nzima. Machi 2020 serikali ikasimamisha ndege za abiria kutoka nje kwa sababu ya korona, nazo hazikuruhusiwa tena hadi Agosti mwaka huo. Lakini ndege zilirudi na wageni wakarudi, ilhali baadhi ya milango imebaki kama ilivyokuwa, jambo linaloonyesha kwamba kuna kizuizi kingine mbali na uhaba wa wageni.

Kizuizi hicho, kwa maoni yangu, kimo katika hesabu za mwenye jengo. Kodi anayoitaka ni ile ya miaka ya neema, na juu yake anadai gudwili, yaani malipo ya mkupuo ya kuingia dukani, kabla hajatoa ufunguo. Ukimuuliza kwa nini asipunguze hadi biashara itengemae, atakutajia sheria ya mwaka 1965, Sura ya 301, inayowalinda wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Chini ya sheria hiyo, mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au ambaye mkataba wake hauzidi miaka 5, hawezi kuondolewa wala kupandishiwa kodi bila notisi rasmi isiyopungua miezi 2, na akiipinga, shauri huenda mbele ya baraza maalumu la kodi za majengo ya biashara. Sheria hii ni njema, na wafanyabiashara wadogo wangapi wangekuwa wametupiwa bidhaa zao nje lau isingekuwapo. Hata hivyo, humfanya mwenye jengo aamini kwamba kodi atakayoipunguza leo itamganda, na kwamba mtu atakayemkaribisha kwa miezi michache atamtoa kwa kesi. Basi huona heri duka likae tupu.

Mji wa Newcastle, Australia, ulikumbana na hofu ya namna hiyo. Kiwanda chake kikubwa cha chuma kilifungwa mwaka 1999, na kufikia 2008 barabara kuu ya katikati ya mji ilikuwa imejaa maduka matupu. Mradi ulioitwa Renew Newcastle haukununua jengo hata moja. Ulisimama kati ya wenye majengo na wasanii na mafundi, ukawaombea wale wasio na nafasi ruhusa ya kutumia duka kwa siku 30, inayoweza kuongezwa kila inapokwisha, bila kuwafanya wapangaji. Mwenye jengo alipopata mpangaji wa kulipa kodi kamili, alirudishiwa duka lake. Uingereza wao wamechukua mkondo mkali zaidi: tangu Desemba 2024 halmashauri za England zinaweza kunadi haki ya kupanga duka lililokaa tupu zaidi ya siku 365 katika kipindi cha miaka 2, hata kama mwenyewe hataki. Sidhani mnada wa aina hiyo ungefaa hapa, ambako umiliki wa jengo moja unaweza kuwa mikononi mwa warithi kumi wasioelewana. Njia ya ruhusa ya muda ndiyo inayotufaa, mradi iandikwe na wakili anayejua kwamba mahakama hutazama uhalisia wa makubaliano badala ya kichwa cha hati: anayekaa ndani peke yake na kushika ufunguo peke yake anaweza kuhesabiwa mpangaji, hata karatasi ikisema vingine.

Kwa hiyo ufunguo ushikwe na mtu wa tatu. Pwani hatuhitaji kubuni chombo kigeni kwa kazi hiyo, kwa kuwa tumezoea mali ya wakfu kusimamiwa na mutawali kwa manufaa ya wengine. Chama cha akiba cha wafanyabiashara au kamati ya mtaa inaweza kupokea duka kama amana na kugawa saa za matumizi.

Na watumiaji wapo. Mbele ya mojawapo ya maduka hayo mama mmoja huuza mahamri na mbaazi kila asubuhi, sufuria zake zimepangwa juu ya kizingiti, mgongo ameuegemeza kwenye shata iliyofungwa, na mvua ikinyesha hukusanya kila kitu na kusimama chini ya ukingo wa paa. Yeye hulipa ushuru wa kaunti kwa siku, huku nyuma yake kukiwa na sakafu ya vigae na sinki isiyotumiwa na mtu. Asubuhi angekuwa ndani yeye, alasiri wangekaa wanafunzi wa mitaa ya Maweni na Shela hapa mjini wasio na pa kusomea nyumbani, na jioni mafundi wa kushona wangetumia meza zilezile. Kliniki au chekechea ni jambo jingine, maana kubadilisha matumizi ya jengo huhitaji idhini ya kaunti chini ya sheria ya mipango ya mwaka 2019, na ni bora kuanza na yale yasiyohitaji kubadilisha kitu. Majengo yetu yamezoea kazi mpya: Ngome ya Lamu ilikuwa gereza hadi 1984, na leo watu huingia humo kutazama maonyesho na kusoma vitabu.

Jambo litakalokwamisha mipango hii mapema kuliko sheria ni mita ya stima. Aliyeondoka ameacha deni, na anayeingia huambiwa alilipe kwanza. Ningetaka makubaliano yaseme wazi kwamba deni la nyuma ni la mwenye jengo, naye asilione hilo kuwa hasara, kwani duka lisilofunguliwa karibu na bahari huliwa na chumvi kuanzia shata hadi nondo za dari, na mchwa humaliza fremu za milango kabla hajapatikana huyo mpangaji anayesubiriwa.