Jinsi nilivyotatua mpango uliovurugika kila wiki

Tulikuwa watengenezaji programu watano, tukifuata kwa utiifu Scrum, utaratibu wa kupanga kazi kwa mizunguko mifupi: mizunguko ya wiki 2, kikao cha dakika 15 kila asubuhi. Lakini ikifika Jumatano, mpango ulikuwa umeshavurugika. Hitilafu za programu zinazoripotiwa na wateja hazingoji. Nikadhani tunakadiria vibaya ukubwa wa kazi, nikaongeza vikao vya makadirio. Kosa langu hilo; tulichoka zaidi tu.

Mwishowe nikapitia mizunguko 6 iliyopita, kazi moja baada ya nyingine. Karibu nusu ya tulizomaliza hazikuwamo kwenye mpango wowote.

Tukahamia Kanban, utaratibu usiodai mizunguko, ambapo kila kazi husogezwa ubaoni hatua kwa hatua. Ubao ukawa na safu 4: inasubiri, inaandikwa, inakaguliwa, imekamilika. Kilicholeta mabadiliko ni kikomo: kazi 3 tu kwenye "inaandikwa", 2 kwenye "inakaguliwa", na nafasi 1 ya dharura. Siku ya tatu safu ya ukaguzi ikajaa. Mwenzetu mmoja alikuwa amemaliza kuandika, anataka kuanza kazi nyingine. Hakuna nafasi. Akanuna kidogo, kisha akafungua msimbo wa programu ulioandikwa na mwenzake akaanza kuukagua. Hapo ndipo nilipoona foleni yetu ilikuwa wapi miezi yote ile: kazi zilikuwa zikiandikwa haraka, halafu zinalala zikisubiri mkaguzi.

Kikao cha kujitathmini tumekibakiza. Makadirio tumeyaacha, sasa tunapima siku ambazo kazi inachukua tangu ianze hadi ikamilike. Mradi wenye malengo yasiyobadilika kila siku, bado ningeupeleka kwa Scrum.