Nilivyowarudisha wanangu shule na sare za 2020

Kuna ushauri niliopewa Desemba 2021 ambao hata leo nikiukumbuka damu inanichemka. "Tupa hizo nguo, nunua mpya, tena nunua kubwa." "Wewe zitie rangi tu." "Ngoja shule zifunguliwe, walimu wenyewe wataona huruma." Waliosema hayo ni watu wazima wenye watoto wao, na walisema kwa kujiamini kabisa. Mimi nina wawili, binti na mdogo wake wa kiume, na Jumatatu ya tarehe 10 Januari 2022 wote wawili walipita getini na sare kamili. Hakuna aliyerudishwa nyumbani. Naandika nilivyofanya kwa sababu shule zikifungwa muda mrefu anayebanwa ni mzazi wa kipato cha kuungaunga, na bado anajazwa maneno yasiyomsaidia.

Sisi tuko Busia, upande wa Uganda. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, binti yangu alikuwa P.5, yaani darasa la tano la msingi. Alirudi Aprili 2021 zamu ya darasa lake ilipofika, Juni zikafungwa tena. Mdogo wake alikuwa P.2, na madarasa ya chini zamu yao ilikuwa ianze tarehe 7 Juni, siku zile zile za kufungwa upya. Kwa hiyo yeye hakukanyaga darasani karibu miaka miwili. Na kilichoniuma zaidi ni kuishi mpakani. Kenya walirudisha watoto wote Januari 2021. Mwaka mzima wanangu wanawaona watoto wa ng'ambo na sare zao, mabegi mgongoni, wao wameshinda kibarazani. Wenzao wengine walishaanza kuchenjua dhahabu huko Tiira, wengine wanauza mandazi, na wasichana wawili watatu wa mtaani kwetu walikuwa tayari wanalea. Mamlaka ya Mipango ya Taifa ilikadiria kwamba karibu asilimia 30 ya wanafunzi huenda wasirudi kabisa.

Sasa mtu akiniambia sketi ni jambo dogo, simwelewi. Mtoto aliyekaa nyumbani miaka miwili ana aibu ya kurudi, amesahau kusoma, amerefuka, hawajui wenzake. Mtoe nje ya geti siku ya kwanza kwa ajili ya nguo uone kama siku ya pili atakubali kwenda.

Shule yetu ni ya UPE, ule mpango wa serikali wa elimu ya msingi kwa wote. Tangu 1997 serikali inagharamia masomo, lakini sare, chakula na madaftari ni juu ya mzazi. Rais alipotangaza Oktoba kwamba Januari shule zote zinafunguliwa, uongozi wa shule ukatuma ujumbe kwenye simu: sketi ya buluu iliyokoza yenye marinda, ifunike goti, shati jeupe, kaptula ya buluu kwa wavulana, viatu vyeusi, soksi nyeupe, nywele fupi kwa wote, barakoa. Na jipya lilikuwa sweta. Zamani ilikuwa ya buluu. Sasa tuliambiwa ni ya rangi ya damu ya mzee, yenye beji ya shule, inapatikana ofisi ya mhasibu kwa shilingi za Uganda elfu thelathini na ushei. Zidisha kwa watoto wawili, ongeza madaftari na viatu, kwa mtu ambaye biashara yake ililala pale mpaka wa Kenya na Uganda ulipofungwa.

Nilifungua sanduku. Zile sare nilizishonesha Februari 2020. Zilivaliwa mwezi mmoja hivi, za binti zikavaliwa tena kidogo 2021, basi. Kitambaa kilikuwa bado kina mng'ao, vifungo vyote vipo, zipu inateleza. Kilichobadilika ni watoto. Mtoto wa umri ule huongezeka sentimita tano, sita kwa mwaka, na msichana anayeanza kupevuka huzidi hapo. Sketi ya binti ilikuwa imepanda juu ya goti na kiunoni haifungi. Lakini nguo mpya siwezi kuitupa, siwezi.

Nianze na ile ya rangi, kwa sababu imewaharibia watu wengi nguo. Jirani yangu, mama mtu mzima ninayemheshimu, alishika sweta ya buluu akasema, "Mwanangu, kwani wewe pesa unaokota? Nunua rangi ya unga sokoni, chemsha, tumbukiza. Itatoka nyekundu nzito, nani atajua?" Nilimsikiliza, ila nikatumia kwanza sweta ya mtoto wa kiume ambayo ilikuwa haimwingii tena. Sufuria kuukuu, maji yanatokota, chumvi, rangi nyekundu pakiti mbili, nakoroga na mwiko uliovunjika mpini. Jirani kasimama pembeni ananihimiza: "Acha iive, acha iive." Tuliiacha ikaiva. Tulipoitoa, maji yalibaki mekundu vile vile, na sweta ilibaki buluu, ila sasa chafu, ina mabaka ya zambarau kwenye mishono na shingoni. Mikono ilikuwa imelegea, inaning'inia mpaka kwenye vidole. Nilipoifua rangi ikamwagika yote kwenye beseni, na shati jeupe lililokuwa karibu likapata madoa hadi leo.

Fundi wangu, mzee mwenye cherehani ya kukanyaga pale karibu na soko la Sofia, ndiye aliyenifungua macho. Alichomoa uzi mmoja wa ile sweta, akauwashia kiberiti. Ukayeyuka, ukajikunja kuwa tone jeusi gumu. Akachukua uzi wa kitambaa cha pamba, akauwasha pia: huo uliungua ukaacha majivu laini, harufu ya karatasi. "Mama, hii ni plastiki," akaniambia. "Rangi ya unga ya sokoni inanywewa na pamba. Plastiki hainywi. Na hata ingekuwa pamba, ukiweka nyekundu juu ya buluu unapata zambarau." Kiberiti na uzi mmoja, hapo hapo unajua. Anayekushauri kutia rangi sare mwambie awashe uzi kwanza.

Huyo fundi ndiye aliyeokoa sketi, na hapa naomba mnisome taratibu. Mimi nilidhani kazi ni kufumua pindo la chini na kuliteremsha. Tulipima, pindo lilikuwa na vidole viwili tu, na mkunjo wa zamani ungeacha mstari unaoonekana mbali. Kuunga kitambaa kipya chini ni vibaya zaidi, kwa sababu buluu mpya na buluu iliyofuliwa hazifanani hata ukizitoa duka moja. Fundi akaniuliza, "Mtoto si anachomekea shati na kuvaa sweta juu? Sasa nani anakiona kiuno cha sketi?" Akafumua mkanda wa kiuno wote. Marinda yalikuwa na kina kikubwa ndani, akayapunguza kila moja kidogo, sketi ikapata upana bila kuongeza chochote. Halafu juu, kati ya mkanda na marinda, akaweka kipande cha kitambaa cheusi kizito, karibu shubiri nzima, kimekaza kwenye nyonga. Sketi nzima ikashuka. Chini haikuguswa, pindo ni lile lile la mwanzo, rangi ni ile ile kuanzia nyonga hadi goti. Binti akachomekea shati, akavaa sweta, ukitazama huoni kitu. Kitambaa cheusi kilitoka kwenye suruali yangu ya zamani. Fundi alichukua elfu chache, na kwa kazi ile ningempa zaidi kama ningekuwa nazo. Sharti ni moja: shati liwe refu la kutosha kukaa ndani ya sketi, maana likichomoka kile cheusi kinaonekana mtoto akiinua mikono.

Mashati yalikuwa ya mikono mirefu, na mikono ilikuwa imeishia katikati ya kigasha. Tuliikata yote ikawa mifupi, na vile vipande vilivyokatwa vikaongezwa ubavuni, kutoka kwapani hadi chini. Nyeupe kwa nyeupe ya shati lile lile, haikuonekana hata kidogo. Kama kanuni za shule yako zinadai mikono mirefu hii haitakufaa. Zetu zilisema shati jeupe, basi.

Kaptula ya mtoto wa kiume ilishindikana. Kaptula ikiwa fupi kati ya kiuno na msamba, hata fundi bingwa hana la kufanya, mtoto hawezi kukaa wala kuinama. Ndipo nikawapigia simu akina mama wa darasa lake na wa darasa la juu. Mawazo yangu yalikuwa haya: kama sare za wangu zimebaki mpya, basi na za wenzake zimebaki mpya, na kila nyumba ina nguo nzuri isiyomwingia mwenyewe. Tukakutana kibarazani kwangu mchana wa Jumapili, kila mmoja na mfuko wake, nguo zimefuliwa na kupigwa pasi. Tulikubaliana hakuna kuuziana, ni kubadilishana, na asiye na cha kutoa achukue kinachomfaa. Usigawe kwa kuangalia darasa. Watoto walikua kila mmoja kivyake, tulikuwa na mvulana wa P.3 anayevaa nguo kubwa kuliko wa P.5. Chukua futi, pima kiuno, pima kutoka kiunoni hadi gotini, ndipo utoe nguo. Kaptula za wangu zikaenda kwa mtoto wa mwalimu wa chekechea, na wangu akapata mbili za kijana aliyekuwa amerefuka mno. Mama mmoja aliyekuwa ameamua mwanawe asirudi mpaka muhula wa pili aliondoka pale na sare kamili, na mwanawe alifungua shule na wenzake. Hilo linanifurahisha kuliko yote.

Ikabaki sweta. Hapa nilikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, mapema Januari, kabla ya msongamano. Nilimwambia hali yangu. Akasema, "Mama, kanuni ni kanuni, wote wavae sawa." Nikamfungulia simu. "Mwalimu, nakubali kabisa. Lakini ujumbe wenu unasema sweta ya damu ya mzee yenye beji ya shule. Unasema ofisini inapatikana. Hausemi ni lazima inunuliwe ofisini." Alisoma, akasoma tena. Akaniuliza nataka nini. Nikamwambia niuziwe beji peke yake, na mdogo aruhusiwe kuvaa shati bila sweta mpaka apate yake. Alikubali. Nikamwomba aniandikie, akaandika mistari miwili na kugonga muhuri. Msiondoke ofisini na ahadi ya mdomo. Siku ya kufungua, mwalimu wa zamu alimsimamisha mwanangu getini kwa sababu hana sweta, mtoto akatoa karatasi begini, akapita.

Sweta ya binti ilitoka ng'ambo. Wifi yangu anakaa Busia ya Kenya, na huko maduka ya sare yana sweta za damu ya mzee tele, zisizo na beji, kwa bei iliyo karibu nusu ya zile za kwa mhasibu. Shida ni rangi, maana kuna inayoelekea kahawia na kuna inayoelekea zambarau. Picha ya simu inadanganya kabisa, usiitumie. Mama mmoja aliyekwisha kununua ile ya shule alinikatia ncha ya uzi iliyobaki ndani ya mshono, nikampelekea wifi kwa mtu wa boda. Nikamwambia, "Wifi, toka nayo nje juani, usilinganishe chini ya taa ya duka." Alikataa mbili, akachukua ya tatu. Beji nikaishona kwa mkono usiku, upande wa kushoto, uzi mara mbili.

Nywele zilileta machozi. Binti alikuwa amezifuga miaka miwili na kuzisuka vizuri, na shule nyingi hapa kwetu hazitaki. Nilimpeleka kwa kinyozi wiki moja kabla, si jioni ya Jumapili kama wengi walivyofanya, ili apate muda wa kuzoea kichwa chake na kutaniwa na sisi wa nyumbani kwanza.

Wale wa "ngoja wataona huruma" nawajua watoto wao. Wawili walikaa nje ya geti hadi saa nne asubuhi, mmoja alirudi nyumbani na hakuonekana shuleni kwa muda mrefu. Na waliofuata "nunua kubwa" walilipa sare nzima ili mtoto atembee ameshikilia sketi kwa mkono.

Mdogo alipata sweta yake baadaye. Niliiwekea oda mapema kwa mama wa mtoto wa darasa la saba, na mtihani wa PLE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulipokwisha Novemba 2022 akanikabidhi ikiwa na beji yake, nikampa elfu kumi na sabuni ya mche. Ilikuwa kubwa kidogo mikononi, fundi akaikunja kwa ndani bila kuikata.