Fimbo yangu ya dhiraa ya Misri: sasa niko kwa vidole

Haya tuendelee na hii fimbo ya kupimia, naitengeneza kama ya Wamisri wa kale. Ubao wa libuyu, ule muti mugumu, umekauka muzuri, fundi mmoja wa Birere, hapa Goma, amenirandia, sasa niko na fimbo ya sentimeta 52.3, sawa na ile ya Maya mtunza hazina wa farao Tutankhamun, iko kwa makumbusho ya Louvre kule Paris. Dhiraa ya kifalme njo hiyo: viganja 7, kila kiganja vidole 4, jumla vidole 28. Kidole kimoja kinatoka milimeta 18.7 hivi. Kuchora hizo 28 ni kazi ya lati (rula) tu.

Shida iko kwa vidole 15 vya kwanza, kuanzia kuume. Bale Wamisri hawakuwa banacheza bana, kidole cha kwanza unakigawa 2, cha pili 3, cha tatu 4, hivyo hivyo mpaka cha 15 kinagawanywa 16, piga hesabu uone, ni milimeta moja na kitu kidogo! Kalamu ya bik inajaza nafasi yote, ju ya ile nachora na wembe, napaka unga wa makala (makaa), napangusa, mustari unabaki mweusi mwembamba kabisa. Nimefika kwa kile cha sehemu 11. Macho yanauma, na ni mchana tu naweza.

Jirani yangu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, alipita akasema, "Ee kaka, si ununue meta sokoni?" Nikamwambia lete mkono. Kutoka kisugudi mpaka ncha ya kidole cha kati, njo dhiraa ya mtu, yeye sentimeta 47, mimi 44, lakini kwa viganja vyetu wenyewe kila mtu anapata 6. Akatanua mikono, ile pima moja ikalingana na urefu wake, akacheka sana, akaenda kupima chukudu yake: pima moja na shibiri.

Sasa angalia, dhiraa ya kifalme iko na kiganja kimoja cha kuongeza, kwa hiyo mkono wa mtu wa kawaida hauifiki, lazima fimbo. Na walikuwa na haki. Piramidi kubwa ya Giza msingi wake ni dhiraa 440 kila upande, mimi na jirani tukiipima kila mtu na mkono wake tunapishana meta 13!

Imebaki vidole vitano vigumu, vile vya sehemu 12 mpaka 16. Kisha msasa na mafuta ya mawese, naona rangi ya libuyu itatoka.