Siku moja maishani mwangu: gereji ya Dar es Salaam, mwezi Februari

Saa 1 asubuhi. Tunaanza na kazi zinazotaka injini ya baridi. Leo ni gari la Toyota IST yenye injini ya 1NZ, imelala hapa tangu jana jioni. Injini ikiwa ya moto, kifuniko cha rejeta hakiguswi: mfumo unabana presha, na ukifungua, maji yanachemka hapo hapo na kukurukia usoni.

Maji yametoka na rangi ya kutu. Visima vingi vya Dar vina chumvi. Chumvi inakula alumini na kuziba mirija ya rejeta. Tunamwaga, tunasuuza hadi maji yatoke meupe, kisha tunaweka kulanti (dawa ya rejeta) nusu na maji ya betri yasiyo na asidi nusu. Mfumo wote unachukua kama lita 5. Kulanti tupu, bila maji, hubeba joto vibaya zaidi, kwa hiyo kuizidisha hakusaidii.

Kutoa hewa kunataka subira. Jaza polepole kifuniko kikiwa wazi tangu injini ya baridi, hita iwe kwenye moto wa mwisho, injini ingurume bila kukanyagwa hadi feni iwake na kuzima mara mbili. Maji yatashuka, ongeza. Hewa ikibaki kwenye hedi (kichwa cha injini), gari litachemsha hata kama rejeta ni mpya.

Thermostati ya gari hili, yaani vali inayofungua na kufunga njia ya maji ya rejeta, ilishang'olewa. Huu ni mtindo unaoumiza magari mengi mjini. Kwenye injini hii thermostati hufunguka kwenye nyuzi 82, na ikifunguka huziba njia ya mkato ya maji. Ukiiondoa, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Foleni ikikaza, mshale wa joto unapanda. Barabara ikiwa wazi, injini haipati joto lake na inakula mafuta. Tunarudisha mpya, na mpira wake mpya.

Saa 3. Matairi, yakiwa bado ya baridi. Upepo ni ule ulioandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva. Joto likipanda nyuzi 10, presha huongezeka karibu PSI 2, kwa hiyo usipunguze upepo wa tairi lililotoka safari. Kwa matairi ya mtumba, angalia tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Kashata (meno ya tairi) nene haimaanishi mpira haujazeeka. Tazama nyufa ubavuni.

Saa 7 mchana. Sasa yanaingia yanayochemsha. Swali la kwanza kwa dereva: lilichemsha limesimama au likikimbia? Likichemsha kwenye foleni tu, shuku feni: mota, rilei, fyuzi. Likichemsha kwenye mwendo, shuku rejeta iliyoziba, pampu ya maji au thermostati iliyokwama ikiwa imefungwa. Mapovu yasiyokwisha kwenye rejeta ni dalili ya gasketi ya hedi iliyoungua. Dereva aliyeendelea kuendesha mshale ukiwa juu, mara nyingi hedi imejipinda na lazima ipelekwe ikasawazishwe kwa mashine.

Saa 9. Betri. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, 12.6 volti ni nzuri; chini ya 12.4, chaji kwanza. Injini ikiwaka, 13.8 hadi 14.5. Joto hukausha maji yake, basi zile zenye vifuniko zikaguliwe kila mwezi.

Saa 10. AC zisizopoza. Kabla ya gesi, osha kondensa (rejeta ya AC) kwa maji ya presha ndogo, maana presha kubwa inalaza mapezi yake, na badilisha filta iliyo nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Gesi haiishi kwa kutumika. Ikipungua, pana tundu; litafutwe kwa povu la sabuni kwenye viungo kabla ya kujaza tena.

Saa 12 jioni. IST inaingia kwenye foleni ya jioni, AC ikiwa imewashwa, kipimo cha joto kimeunganishwa. Feni inawaka, joto linashuka. Litalala tena hapa: asubuhi tutatazama tangi la akiba, na maji yakiwa yamepungua, tutapima mfumo kwa pampu ya presha kabla ya kumpa mwenyewe ufunguo.